Mbwa wa Jirani, Sindano Tano na Sufuria ya Maharage

Mbwa tulimjua, ndiyo maana hakuna aliyekimbia. Alikuwa wa jirani yetu wa upande wa bondeni, mwekundu, mkia nusu, na kila jioni alipita uani kwetu kutafuta ukoko wa ugali. Siku mbili alikuwa hajaonekana. Jumamosi ile ya Machi, mvua ikiwa imepumzika kidogo, akatokea kwenye migomba akitembea upande upande kama aliyelewa. Binti yetu wa pili, wakati huo yuko darasa la pili, akamwita kwa jina. Mbwa hakutikisa hata huo mkia nusu. Alikuja kimya kimya, akamng'ata shavu la mguu wa kushoto, na mtoto alipojaribu kumsukuma akamng'ata kidole.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia. Nafundisha shule binafsi katika kijiji kimoja kati ya Kiwira na Tukuyu, na mpaka siku ile nilikuwa nimeingia darasani miaka kumi. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma nilichofanya.

Nilichota maji kwa jagi, nikamwagia jeraha, nikafuta kwa kanga ya mama yake, nikapaka spiriti iliyobaki kwenye kichupa, nikafunga kitambaa. Haikufika dakika mbili. Sabuni ya mche ilikuwa dirishani, hatua tatu kutoka pale niliposimama. Mama yangu mzazi akaja na chupa ya mafuta ya taa, akisema zamani ndivyo walivyofanya. Nikamkatalia kwa sauti ya kisomi kabisa, kana kwamba nilichofanya mimi kilikuwa na tofauti kubwa na chake.

Vijana wa jirani walishamaliza kazi yao kwa mawe. Mbwa akatupwa korongoni, mvua ikarudi, usiku ukaingia. Tukala, tukasali, tukalala.

Jumapili tulikwenda kanisani. Sijui nilieleze vipi hili bila kuona aibu. Mtoto alikuwa anatembea vizuri, kidonda kimekauka pembezoni, kwa hiyo tukaenda kanisani. Baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa, mtu wa ng'ombe asiye na cheti chochote, akaniuliza: "Mwalimu, huyo mbwa alikuwa anadondosha udenda?" Nikasema ndiyo. "Alipotea kabla?" Ndiyo. "Sauti yake?" Nikakumbuka kwamba Ijumaa usiku tulisikia kitu kinalia bondeni, tukadhani ni fisi. Yule mzee hakusema neno tena. Alinishika mkono akanisogeza pembeni ya watu, nami nikaelewa: kichaa cha mbwa. Hapo ndipo magoti yangu yalipoanza kutetemeka.

Kituo cha afya cha karibu, muuguzi wa zamu alikuwa mama wa makamo. Alitupa pole kwa Kinyakyusa, ndaga, kisha hakutaka hadithi.

"Mmeosha kwa sabuni?"

"Tumesafisha, dada."

"Sijauliza kusafisha. Nauliza sabuni. Dakika ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akatupeleka bombani nje, akaweka simu yake juu ya ukuta ikihesabu, akanipa sabuni. Dakika kumi na tano, maji yakitiririka. Jaribuni nyumbani muone dakika kumi na tano zilivyo ndefu mtoto akiwa analia. Nilidhani zimeisha mara tatu. Alituambia hata kama zimepita saa nyingi tangu kung'atwa, bado osha. Kuchelewa si sababu ya kuacha. Halafu akatuambia chanjo haipo pale. Akanishauri nisipande gari kabla ya kupiga simu na kuhakikisha ipo ninakokwenda, kwa sababu ameona watu wanazunguka hospitali tatu kwa siku mbili. Ushauri huo peke yake uliniokolea nauli na, pengine, kitu kikubwa kuliko nauli. Nilipiga simu nne jioni ile. Ya nne ndiyo iliyojibu: ipo, njooni asubuhi.

Usiku huo mama watoto aliniuliza swali ambalo sijalisahau. "Hiyo sindano inafanya nini hasa? Sumu ya mbwa imeshaingia, si imeshaingia?" Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni sentensi ya Kiingereza ninayoiandika ubaoni kila mwaka: glaikoprotini ni protini iliyoungwa na minyororo ya sukari, hupatikana kwenye utando wa seli, kazi yake ni utambuzi. Alama mbili. Nilipojaribu kumweleza kwa Kiswahili, mtu ambaye mwanawe yuko kitandani na mguu umefungwa, sikuwa na kitu. Miaka kumi nilikuwa nafundisha neno. Kilichomo ndani yake sikukijua.

Basi nikakaa na simu hadi saa nane usiku nikisoma. Nitawaeleza nilichoelewa kwa namna ambayo ningetaka mtu anieleze mimi.

Mnazijua kishona nguo, zile mbegu nyeusi nyembamba zinazong'ang'ania suruali ukipita shambani. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo kama la risasi, na ganda lake la nje limejaa ndoano za namna hiyo, kama 400 hivi. Kila ndoano ni glaikoprotini: mwili wake ni protini, na juu yake vimeota vishada vidogo vya sukari. Nje ya ganda hakuna protini nyingine. Ni hiyo moja tu, wataalamu wanaiita G. Kishona nguo haishiki kioo wala chuma, hushika kitambaa. Ndoano hizi nazo zina kitambaa chake: vipokezi vilivyo pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Zikishashika, kirusi kinaingia ndani ya neva na kupanda taratibu kuelekea uti wa mgongo, kisha ubongo, kisha kinashuka hadi kwenye tezi za mate, kikisubiri kung'ata mwingine. Nilisoma pia kwamba kubadilisha asidi amino moja tu, yaani tofali moja la protini, katika ndoano hiyo, ile ya nafasi ya 333, kunaweza kumpokonya kirusi makali yake kwa panya wa maabara. Ugonjwa mzima wa kutisha, na umeegemea hapo.

Sasa njoo kwenye sabuni. Ndoano hizo zimechomekwa kwenye ganda la mafuta. Sabuni hufanya kwa ganda lile kilekile inachofanya kwa sufuria iliyokaangiwa nyama. Mafuta yakiyeyuka, ndoano hazina pa kusimamia, na kirusi kinasambaratika palepale kwenye jeraha kabla hakijaiona neva. Ndiyo maana kipande cha sabuni ya mche kinatangulia daktari, kinatangulia pikipiki, kinatangulia simu kwa mjomba. Maji peke yake huondoa baadhi. Mafuta ya taa, majivu, pilipili, kahawa na vitunguu hupoteza tu muda wa kuosha jeraha. Hata spiriti yangu ilipaswa kuja baada ya sabuni, si badala yake.

Na chanjo? Ndani ya kichupa kuna virusi vilivyouawa, lakini ndoano zao zimeachwa zikiwa na umbo lake. Mwili unazisoma, unatengeneza kingamwili za kuzifunika ndoano hizo moja moja, kishona nguo ikafunikwa nta. Safari ya kirusi kwenda ubongoni mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au kufika mwaka. Chanjo inashindana naye kwenye safari hiyo. Jibu la swali la mama watoto lilikuwa hilo: imeingia, ndiyo, lakini haijafika. Nilimwamsha saa nane usiku kumwambia. Akasema, "Ungesema hivyo jioni ningelala."

Jumatatu tulikuwa kwenye Coaster ya kwanza kwenda Mbeya. Pale hospitalini daktari kijana alilitazama jeraha akaliweka kundi la tatu, yaani meno yametoboa ngozi. Kwa kundi hilo, alieleza, kuna vitu viwili: chanjo, na dawa nyingine iitwayo imunoglobulini, ambayo ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa tayari, hudungwa ndani na kuzunguka jeraha ili zishike zamu siku za mwanzo wakati mwili wa mtoto bado unajifunza. Ina mpaka wake: ikipita siku ya saba tangu chanjo ya kwanza haitolewi tena. Siku ile haikuwepo. Niliwapigia watu wote ninaowajua mjini, na hadi Ijumaa sikuwa nimeipata. Daktari hakunificha wala hakunitisha. Alisema jeraha lililooshwa vizuri, chanjo iliyoanza mapema na kukamilishwa, ni kinga kubwa hata bila dawa ile. "Kuoshwa vizuri" lilinichoma. Lilioshwa vizuri karibu saa ishirini baada ya kung'atwa.

Ratiba tuliyopewa ilikuwa siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, sindano ya msuli wa mkono wa juu, kamwe si makalioni. Msikariri ratiba hiyo mkabishana nayo hospitalini. Ziko nyingine, ikiwemo ya kudunga kwenye ngozi yenyewe kwa dozi ndogo katika siku ya 0, ya 3 na ya 7, na kila kituo kina utaratibu wake. Mtu wa kuamua ni aliyekuandikia kadi, si mwalimu mwenzako wa Jiografia, ambaye nitamfikia.

Tulikaa kwa dada yangu Uyole tukisubiri siku ya tatu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, la kijinga zaidi kuliko la kwanza.

Alhamisi tulichanjwa mchana, mvua ikanyesha hadi tukaahirisha safari. Dada yuko dukani kwake Mwanjelwa, hurudi usiku. Nikaona nisiwe mgeni mzigo, nipike. Kulikuwa na maharage mekundu, yale makubwa yenye rangi ya damu ya mzee, na mkaa kidogo chini ya gunia. Dada ana kile kikapu cha kupikia, kilichoshonewa mito ndani. Unachemsha chakula, unakifunika humo, kinaiva kwa joto lake chenyewe. Nilikuwa nimemwona akikitumia. Sikuwa nimeona kwamba yeye huloweka maharage usiku kucha, humwaga maji, kisha huchemsha kweli kweli, mapovu yakipanda, kabla ya kuyaweka kikapuni. Mimi sikuloweka. Nilichemsha mpaka maji yalipoanza kucheka, mkaa ukafifia, nikatia kikapuni, nikamshukuru aliyebuni kitu kile. Saa moja usiku yalikuwa laini nje, yakiuma kidogo katikati. Nikaunga kwa kitunguu na nyanya, watoto wakala na ugali: binti yangu na mpwa wangu. Mimi nilikula kidogo, nilikuwa sina hamu.

Saa tatu binti akaanza kutapika. Akatapika hadi kikatoka kitu cha kijani. Mkono wa chanjo ulikuwa umevimba kidogo, paji la uso lina jasho baridi, na nilipompa maji akayakataa.

Mzazi ambaye amesoma juu ya kichaa cha mbwa usiku mzima, halafu mtoto wake akakataa maji, anajua nilichofikiri. Nilimbeba hadi barabarani peku. Bajaji ilidai shilingi 10,000 kwa safari ambayo mchana ingekuwa robo ya hiyo, na nisingebisha hata angesema laki. Ndani ya bajaji nilianza kuomba kwa sauti, dereva akazima redio yake.

Muuguzi wa mapokezi alisikiliza mpaka mwisho maelezo yangu ya ndoano na neva, kisha akauliza, "Mmekula nini leo?" Nikasema maharage. "Yaliiva?" Wakati huohuo simu ikaita, dada yangu: mpwa naye anatapika, na yeye hakuna mbwa aliyemgusa.

Binti akapewa maji ya chumvi na sukari ya kunywa kidogo kidogo, na kabla ya alfajiri alikuwa ananiomba mkate. Mpwa vivyo hivyo. Nilikaa kwenye benchi nikitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Maharage mekundu mabichi yana kitu kinachoitwa fitohemaglutinini. Jina refu, lakini ni glaikoprotini nayo, ya jamii ya lektini, ambazo kazi yake ni kushika sukari. Mmea huijaza kwenye mbegu, na inaaminika ni silaha yake dhidi ya walaji. Ukiimeza ikiwa hai, inazishika zile sukari zilizo juu ya seli za utumbo wako na kuuvuruga. Kutapika huanza saa moja hadi tatu baada ya kula, na kwa kawaida hupita ndani ya saa chache. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumlaza mtu. Jina lake linatokana na kugandisha chembe nyekundu za damu, kwa sababu nazo zimevaa sukari. Ni sukari za juu ya chembe hizo pia, kwa tofauti ya kipande kimoja cha mwishoni, zinazofanya wewe uitwe kundi la damu A na mimi B. Na katika maabara lektini hiyohiyo hutumika kuamsha chembe nyeupe zigawanyike ili zichunguzwe, kazi ambayo Peter Nowell aliigundua mwaka 1960 huko Marekani.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki: joto la nusunusu ni baya kuliko unavyodhani. Maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 hivi bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kuliko mabichi, mara kadhaa. Kikapu changu kilikuwa kinafanya hasa hivyo, kwa saa tatu, kwa upendo. Na sisi wa nyanda za juu tuna shida ya ziada. Uyole iko juu ya mita 1,700, na maji hapo yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100 ya kwenye vitabu vya Dar es Salaam. Makete na Njombe, zilizo juu zaidi, maji huchemka chini ya nyuzi hizo. Wanaoshauri dakika kumi za kuchemka wanazungumzia maji ya 100. Dada yangu hana habari na nyuzi, lakini huloweka usiku, humwaga maji, huchemsha kwa moto mkali nusu saa nzima ndipo aweke kikapuni. Kikapu si kibaya. Mpishi ndiye alikuwa na shahada.

Asubuhi ile dada alinitazama, akatazama sufuria, akasema tu, "Kaka, wewe kafundishe." Neno hilo bado linatumika kwenye familia yetu kila nikiingia jikoni.

Siku ya saba ilipita bila vituko. Kwenye foleni nilikaa jirani na baba mmoja kutoka upande wa Chunya, akaniuliza swali ambalo wengi huuliza: kama kirusi kina ndoano na chanjo inazifunika, kwa nini hakuna chanjo ya UKIMWI? Swali zuri, hasa Mbeya, ambako majaribio ya chanjo hizo si habari za mbali. Jaribio la PrEPVacc lilifanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka ya Uganda na Durban ya Afrika Kusini, likitumia, pamoja na vitu vingine, protini zilizotengenezwa kufanana na ndoano ya VVU, ile iitwayo gp120, na nyingine ya gp140. Mwishoni mwa 2023 uchanjaji ulisitishwa baada ya kuonekana hakuna matumaini kwamba chanjo zile zingezuia maambukizi. Nilimwambia nilivyoelewa: ndoano ya VVU imejifunika sukari kiasi kwamba karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari hizo, na sukari zenyewe zinatengenezwa na seli zetu, kwa hiyo mwili unaziona kama ndugu. Juu ya hapo inabadilika sura kila mara. Ndoano ya kichaa cha mbwa haina ujanja huo mwingi. Ndiyo maana Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, aliweza kumchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa, tarehe 6 Julai 1885, hata kabla watu hawajajua kirusi ni nini, na wazo lile bado linatuokoa. Yule baba akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe sisi tumepata adui mjinga." Nikamwambia adui huyo mjinga akishafika kichwani karibu hakuna aliyewahi kumshinda.

Siku ya 14 fedha ziliisha. Kila sindano ilikuwa 30,000, bima sikuwa nayo. Nauli ya mimi na mtoto kwenda na kurudi 15,000, safari nne. Chakula, bajaji, na ile bajaji ya usiku. Nilikuwa nimekwisha uza debe mbili za mahindi na mikungu sita ya ndizi kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mwalimu mwenzangu, huyu ndiye wa Jiografia, akaniambia staff nzima ikisikia kwamba sindano tatu zinatosha, mtoto si anacheza mpira? Nitasema ukweli: nililala na wazo hilo, na lilikuwa tamu. Mtoto kweli alikuwa anacheza mpira. Kilichonitoa ni kadi yenyewe, ile miraba miwili mitupu. Nikaenda kikoba, nikakopa 100,000 kwa riba ya asilimia kumi, nikamaliza. Jumla yote, na riba, ilikaribia 290,000. Kumchanja yule mbwa kungegharimu kiasi ambacho jirani yangu alitumia kwa vocha za wiki.

Kuhusu jirani, tulikosana kwa muda. Alisema mbwa wake aling'atwa na mbwa mwingine, kwamba si kosa lake, kwamba nami nilikuwa namlisha ukoko. Yote kweli. Afisa mifugo alipokuja Jumanne ya pili alitufokea sote wawili, si kwa kumuua mbwa tu bali kwa kumtupa. Kichwa chake kingepelekwa kupimwa. Na kama mbwa angekuwa bado mzima, angefungwa na kuangaliwa siku kumi. Mbwa aliyekuwa na kirusi mateni siku ya kung'ata hawezi kumaliza siku kumi akiwa na afya. Lakini alisisitiza, na hili nalirudia, chanjo ya mtu haisubiri siku hizo kumi. Inaanza, halafu mbwa akithibitika mzima, daktari ndiye anaisitisha. Watoto wengine watatu waliokuwa wamegusa mbwa yule akidondosha udenda walitafutwa nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa na mchubuko mkononi, naye akaanza safari ya Mbeya. Huyo mimi sikumfikiria hata mara moja, nilikuwa na wangu.

Baada ya sindano ya siku ya 28 watu walitupongeza, mambo yakaisha kwa wote isipokuwa mimi. Nilisoma kwamba inaweza kuchukua mwaka, na mwaka una asubuhi nyingi. Kila asubuhi nilimpa binti kikombe cha maji kabla ya chai, nikijifanya ni mambo ya afya, nikasimama pale mpaka nione koo linashuka na kupanda. Miezi ile nilikuwa mkali kazini bila sababu. Akikohoa, nasimama. Akisema mguu unawasha pale penye kovu, natoka nje. Mama watoto aligundua mwezi wa sita hivi. Hakusema kitu, akaanza kumpa kikombe yeye, mbele yangu, ili nione bila kuomba.

Darasani nimebadili kitu kimoja. Nikifika kwenye glaikoprotini natuma mwanafunzi aende uwanjani apite kwenye majani na kurudi na suruali yake. Baadaye ndipo naandika ile sentensi ya Kiingereza, kwa sababu mtihani bado unaitaka.

Machi ilipozunguka ikapita, sikumwambia mtu yeyote. Niliangalia tarehe kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, nikaenda kufundisha kipindi cha tatu. Jioni binti alikuwa uani na kitoto cha mbwa, cheusi, alichopewa na mtoto wa jirani yuleyule. Alikuwa ameshakipa jina. Nikamwambia akiweke chini, aje anawe mikono. Kilipotimiza miezi mitatu, Jumamosi moja asubuhi, nilikifunga kamba ya katani, nikakibeba kwenye pikipiki mbele ya dereva, tukaenda kwa afisa mifugo, binti nyuma yangu ameshika kadi mpya mkononi akiuliza kama na mbwa naye atachomwa mara tano.